Uume kukataa kulala, maziwa kutoka, shahawa kukauka: madhara ya dawa za akili ambayo wagonjwa wetu wanayaficha

MuuguziWaBara:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, mkoa sitautaja. Naleta uzi huu kwa sababu kuna vijana wanapoteza uanaume wao kwa jambo ambalo lingetibika kama wangelisema mapema, na kuna mabinti wanavunjiwa uchumba kwa jambo ambalo kipimo kimoja cha damu kingelieleza. Nitatumia maneno yenyewe. Atakayekwazika anisamehe, lakini mgonjwa akisoma maneno ya kuzungukazunguka hatajua kuwa anaambiwa yeye.

Madhara ya kila siku mnayajua hata kama hamyasemi: hamu ya tendo kushuka, uume kusimama kwa ulegevu, kuchelewa kufika kileleni. Hayo leo nayapita. Nataka tukae kwenye yale yasiyotokea mara kwa mara, maana ndiyo yanayomkuta mtu hajawahi kuyasikia, hana jina la kuyaita, na matokeo yake anatafuta maelezo kwa mganga. Mara jini mahaba, mara amerogwa, mara mke mkubwa kamfunga.

Zito kuliko yote ni uume kusimama na kukataa kulala. Madaktari wanaita priapizimu. Halina uhusiano wowote na hamu. Mtu yuko kitandani, hana wazo la mapenzi kabisa, uume umesimama, saa zinapita, maumivu yanapanda. Ukiugusa, shina ni gumu lakini kichwa ni laini. Hiyo ni dalili mojawapo inayomsaidia daktari kujua anashughulika na nini.

Kinachotokea ni hiki. Dawa nyingi za akili hazigusi dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe, peke yake kwenye ubongo. Zinafunga pia vipokezi vinavyoitwa alfa-1, ambavyo kwenye uume kazi yake ni kukaza misuli ya ndani ili damu iondoke na uume ulale. Vikifungwa, damu inaingia lakini kutoka inashindwa. Damu iliyokwama inaishiwa oksijeni, inakuwa nyeusi na nzito, na nyama ya ndani inaanza kufa. Dawa zinazotajwa ni nyingi: klopromazini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Largactil, risperidoni, olanzapini, kwetiapini, klozapini, ziprasidoni. Hata haloperidoli, ambayo haifungi sana hivyo vipokezi, ina ripoti zake. Na sio lazima uwe umeongezewa dozi. Inaweza kutokea siku za mwanzo, inaweza kumtokea mtu aliyekunywa dawa ileile miaka kadhaa bila shida yoyote.

Sasa shikeni hili: uume ukisimama kwa muda wa saa 4 mfululizo bila kulala, hiyo ni dharura sawa na ya mtu aliyegongwa na gari. Usisubiri kupambazuke. Zikifika saa 24 na kuendelea mpaka 36, uwezekano wa uume huo kusimama tena wenyewe maishani unakuwa mdogo sana.

Nilimpokea kijana mmoja ambaye mpaka leo nikimkumbuka moyo unaniuma. Alikaa nyumbani usiku kucha, mchana kutwa, na usiku mwingine. Dada yake ndiye aliyemlazimisha kutoka. Kwenye kituo alichoanzia aliulizwa dirishani, kwa sauti, foleni nzima nyuma yake ikisikia, "Unaumwa nini?" Akajibu tumbo. Akapewa dawa za tumbo, akarudi nyumbani. Alipotufikia alikuwa ameketi upande kwenye benchi, amekunja sweta mapajani, jasho linamtoka na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Tukampeleka hospitali kubwa wakafanya waliloweza. Akili yake iko vizuri sasa, anafanya kazi zake. Uume haukurudi.

Wanachofanya hospitali sio cha kutisha kama watu wanavyodhani. Unachomwa ganzi kwenye shina, kisha sindano inaingizwa ubavuni mwa uume na ile damu nyeusi inavutwa. Wanavuta, wakati mwingine wanasafisha kwa maji ya chumvi ya drip, mpaka ianze kutoka nyekundu. Isipotosha wanachoma fenilefrini, dawa ya kukaza mishipa ya damu, kidogokidogo huku presha ikipimwa. Ikishindikana ndipo unaingia upasuaji wa kuifungulia damu njia. Aliyewahi mapema mara nyingi anaishia kwenye sindano.

Baadhi ya wanaopatwa huwa walishapata ishara: uume unasimama saa moja, mbili, unalala wenyewe, unarudia wiki nyingine. Ukiona hivyo usisubiri ule mkubwa. Mwambie daktari wako wiki hiyohiyo.

Na kina dada msidhani hamumo. Kinembe nacho kinaweza kuvimba na kuuma kwa saa nyingi kwa sababu hiyohiyo. Ni nadra, ila kipo, na nina hakika wengi wamekaa nacho kimya mpaka kikapoa.

Karibuni. Mwenye swali la aibu aulize, hapa hakuna anayemjua mwenzake.

Seremala_Mkongwe:

Mkuu asante sana. Mimi natumia risperidoni. Yangu sio hiyo ya kusimama. Tendo nafanya, naskia raha ya kumaliza kama kawaida, lakini hakitoki kitu. Kukavu kabisa. Tuna miaka tunatafuta mtoto. Mama yangu amenipeleka kwa wazee mara mbili, wanasema nimefungwa na mtu wa karibu. Mke wangu ameanza kuniangalia vibaya, anahisi nje huko namalizia kwingine. Hili nalo ni dawa?

MuuguziWaBara:

Kaka yangu, hujafungwa na mtu. Kuna uwezekano mkubwa ni dawa.

Mlango wa kibofu cha mkojo unatakiwa kujibana wakati wa kumwaga ili shahawa zitoke mbele. Wanaoubana ni vipokezi vilevile vya alfa-1 nilivyovitaja juu. Dawa ikivifunga mlango unabaki wazi, shahawa zinarudi nyuma zinaingia kwenye kibofu, na baadaye unazikojoa bila kujua. Angalia mkojo wako wa kwanza baada ya tendo, mara nyingi unakuwa na ukungu. Ukienda hospitali watakuomba huo huo mkojo, watautazama kwa hadubini, wakikuta mbegu mle ndani jibu limepatikana. Hazikudhuru zikiwa kwenye kibofu. Tatizo lake ni mtoto tu.

Thioridazini, dawa ya zamani, ndiyo ilikuwa inajulikana zaidi kwa hili. Kampuni iliyoianzisha iliiondoa sokoni mwaka 2005, ingawa sababu ilikuwa moyo. Risperidoni nayo ina ripoti zake. Kwa wengi hali inarudi sawa dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, lakini abadilishe daktari. Kisukari na upasuaji wa tezi dume navyo vinaleta hali hiihii, kwa hiyo upimwe na sukari.

Na nakuomba jambo moja: siku ya kliniki nenda na mkeo, akayasikie kwa masikio yake. Wewe ukimweleza peke yako atadhani umetafuta kisingizio.

Binti_Pangani:

Shikamoo muuguzi. Mimi sijaolewa. Nilianzishiwa dawa nikiwa chuo, baada ya miezi maziwa yakaanza kutoka, siku zangu zikakatika. Nilikuwa nakunja khanga ndogo naweka ndani ya sidiria kabla ya kwenda darasani maana blauzi ilikuwa inalowa. Aliyekuwa mchumba wangu akasema nimetoa mimba ya mtu. Familia yake ikaamini. Nyumbani wakaniletea mtu wa kunisomea, akasema nina mume wa kijini ananyonya. Nikaacha dawa, nikarudi wodini. Sikuwahi kumwambia daktari kuhusu maziwa kwa sababu kila nikiingia nakuta wanafunzi wake wamejaa chumba kizima.

MuuguziWaBara:

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na Mungu akutie nguvu kwa kulisema.

Hilo lako wala sio la nadra, ni la kawaida sana kwa baadhi ya dawa. Mwilini dopamini ndiyo inayoizuia homoni ya maziwa, prolaktini, isimwagike ovyo kutoka tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Dawa ikizuia dopamini, prolaktini inapanda: maziwa yanatoka, hedhi inakatika, hamu inaisha. Ikiendelea miaka mingi hata mifupa inadhoofika. Zinazoongoza ni risperidoni, paliperidoni, amisulpridi, haloperidoli na flufenazini. Wanaume pia linawapata, vifua vinaota matiti na wanaacha kuvua shati mbele za watu.

Daktari anapaswa kuanza na kipimo cha mimba, usikasirike, ndio utaratibu. Kisha prolaktini kwenye damu. Ikiwa juu sana atataka pia kujua kama hakuna uvimbe kwenye hiyo tezi. Halafu kuna njia: kupunguza dozi, kuhamia dawa isiyoipandisha sana kama kwetiapini, au kuongeza aripiprazoli kidogo, ambayo huishusha.

Hapa kuna kitu wengi hawaambiwi. Ukibadilishiwa dawa, uzazi unaweza kurudi kabla hujaona hedhi ya kwanza. Wapo walioshika mimba wakiamini wamekauka. Ukiwa na mwenzi, jadili uzazi wa mpango siku hiyohiyo unayobadilishiwa dawa.

Kuhusu wanafunzi chumbani: una haki ya kuomba watoke. Sema tu, "Daktari, nina jambo la siri, naomba tubaki wawili." Mimi kwetu akisema hivyo mgonjwa ninawatoa mwenyewe.

NabiiWaKweli:

Nyie wauguzi mnatetea sumu. Hizi dawa zinaua kizazi chetu taratibu. Mtu akiacha hayo madude akafunga na kuomba anapona. Nimeona kwa macho yangu.

MuuguziWaBara:

Ndugu, sala sikatazi, mimi mwenyewe nasali. Ila uzi huu nimeuandika ili watu wayaseme madhara na wabadilishiwe dawa, na wewe unawaambia waache. Binti hapo juu ametueleza kilichompata alipoacha: alirudi wodini. Mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, akikatisha dawa ghafla, kwa wengi ugonjwa unarudi ndani ya miezi, na wapo wanaojidhuru. Nimewavalisha nguo wanaume watu wazima waliookotwa barabarani uchi kwa sababu mtu aliwaambia wameshapona. Naomba sana usimshauri mtu kuacha dawa humu. Anayesoma anaweza kukusikiliza.

Mfamasia_Ziwa:

Muuguzi umeeleza vyema, naongeza mambo ya dukani kwangu.

Kwanza, selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na ugonjwa wenyewe unasababisha uume kukataa kulala hata bila dawa yoyote. Kijana mwenye selimundu akianzishiwa dawa za akili, hatari mbili zinakutana. Daktari aambiwe mapema. Na kwa kijana huyo barafu isitumike, baridi inazidisha chembe za damu kujikunja.

Pili, wanaume ambao dawa imewashusha hamu wanakuja kwangu usiku kununua vidonge vya nguvu bila cheti, na kadi ya kliniki ya akili iko mfukoni. Ndugu zangu, mnarundika dawa inayofungulia damu juu ya dawa inayozuia damu kutoka, na presha nayo inaweza kuanguka. Vipo vidonge ambavyo daktari anaweza kukuandikia akijua unatumia nini, ila asiyejua asikuuzie. Na trazodoni, dawa ya sonona ambayo wengine wanapewa ili walale, nayo inajulikana sana kwa hili. Ukinywa pamoja na olanzapini au kwetiapini, mwambie daktari.

Tatu ni kwa wenzangu wa afya: kwa mgonjwa mwenye dawa zinazofunga alfa-1, adrenalini inaweza kushusha presha badala ya kuipandisha, maana inabaki kufanya kazi upande wa vipokezi vya beta peke yake, vinavyotanua mishipa. Ndio maana uume huu unachomwa fenilefrini. Nimelisema kwa ajili ya yule aliye zamu peke yake kituo cha afya usiku na hajawahi kukutana nalo.

Kibarua254:

Salaam kutoka Nairobi. Mimi ni mke wa mtu. Mume wangu alibadilishiwa dawa, akatolewa kwa ile ya kumfanya mnene akapewa aripiprazoli. Mwili ukapungua, akachangamka, nikafurahi. Lakini akawa mtu mwingine. Usiku hanipi nafasi ya kulala, mchana akiwa kazini ananipigia simu nirudi nyumbani. Na ameanza kubeti. Huyu mtu miaka yote hajawahi hata kucheza karata. Ameuza pikipiki. Nikimuuliza analia, anasema anasikia kama anasukumwa. Watu wa kwao wanasema ni mimi nimemshindwa.

MuuguziWaBara:

Dada, mchukue mumeo mwende kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Aripiprazoli ni tofauti na wenzake. Haizibi dopamini moja kwa moja, inaizuia kidogo na kuisukuma kidogo. Ndio maana haipandishi prolaktini na watu wengi inawafaa sana. Lakini kwa wachache ule msukumo unazidi, mtu anashindwa kujizuia kwenye kamari, ununuzi, kula, au tendo la ndoa. Mei 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi. Walikuwa wamekusanya ripoti 184 tangu dawa ilipoanza kuuzwa mwaka 2002: 164 zilikuwa za kamari, 9 za tendo la ndoa, zilizobaki ni ununuzi, ulaji, na mchanganyiko. Ukilinganisha na watu wanaoitumia duniani hizo ni chache, lakini fikiria ni wangapi hawakuripoti kwa sababu waliitwa wahuni.

Mumeo kuuza pikipiki na kulia ni maelezo ya mtu anayesukumwa kweli. Taarifa njema ni kwamba dozi ikipunguzwa au dawa ikiondolewa, kwa walioripotiwa ile hali ilikwisha ndani ya siku au wiki. Ila daktari naye lazima aangalie kitu kingine: kuwaka kwa hamu na matumizi ya fujo ya pesa ni dalili pia za ugonjwa wenyewe ukipanda, hasa kwa mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ndio sababu anatakiwa kuonwa, dawa isitolewe nyumbani. Kwa sasa shika wewe simu ya pesa na laini yake kama atakubali, na umwambie sababu. Wengi wakielezwa kuwa ni dawa wanakubali kwa furaha, wanahisi wametuliwa mzigo.

MsomajiWaMbali:

Naweka kumbukumbu moja. Hili la wanaume kuota matiti lilifika mahakamani Marekani. Maelfu ya wanaume na wavulana waliishitaki Johnson & Johnson kuhusu Risperdal, ambalo ni jina la kibiashara la risperidoni. Mwaka 2013 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza madai ya serikali juu ya jinsi ilivyozitangaza dawa zake, Risperdal ikiwemo. Mwaka 2019 baraza la raia wanaoamua kesi (jury) mahakamani Philadelphia likampa mshitaki mmoja dola bilioni 8, jaji akazishusha mpaka milioni 6.8. Nimeandika ili anayeambiwa "hayo ni mawazo yako" ajue kuna mahali yamesikilizwa na majaji.

MuuguziWaBara:

Ahsante mkuu. Na bado risperidoni inawasaidia watu wengi, naijua kwa wagonjwa wangu. Ninachotaka ni waambiwe siku wanayoianza.

KakaMkubwa:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mdogo wangu anachomwa sindano ya mwezi kwa sababu vidonge anatema. Ikimpata hiyo ya kusimama, sindano iko tayari mwilini, inatolewaje? Na mtu kama yeye asiyeongea, sisi tutajuaje?

MuuguziWaBara:

Haitolewi. Ikishaingia kwenye msuli inaachia dawa kidogokidogo kwa wiki nyingi. Ndio maana kwa kawaida tunampa mtu kwanza dawa hiyohiyo ya vidonge tuone mwili unaipokeaje, kabla ya kuhamia sindano. Ikimpata, dharura inatibiwa vilevile, na baada ya hapo anafuatiliwa kwa karibu kwa kuwa inaweza kujirudia mpaka sindano iishe nguvu. Sindano inayofuata isichomwe mpaka daktari wa akili aamue. Atatafutiwa dawa yenye tabia hiyo kidogo.

Kwa asiyeongea, angalia mwendo. Anatembea ameinama au amepanua miguu, hakai vizuri, anakataa kuvaa suruali, anajishika, anakataa kula, anakuwa mkali ukimsogelea. Mwanaume wa nyumbani anayemwamini amuulize faraghani na amtazame. Sio aibu, ni sawa na kumtazama kidonda. Mkifika hospitali wewe ndiye useme, na useme kwa mpangilio huu: "Huyu anatumia dawa za akili, jina lake ni hili, uume umesimama tangu saa fulani, unamuuma." Beba kadi ya kliniki au boksi la dawa. Kama mapokezi pamejaa watu andika kwenye karatasi uwape. Ukiambiwa mngoje daktari wa kesho, omba upewe rufaa usiku huohuo kwenda penye daktari wa njia ya mkojo au wa upasuaji.

Na yote haya yakishatulia, mwombe mhudumu ajaze taarifa ya madhara iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania, au Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa, kwa walioko Kenya. Hata wewe mwenyewe mwananchi unaruhusiwa kuripoti.